Nyumba ni ya Aliyeijenga

Kitengela,
11 Machi 2023

Mpendwa Mwaitu,

Simu yako huko mpakani ikishika mtandao wa Tanzania inakula salio lote na bado hatusikizani, kwa hiyo nimempa Nalianya barua hii akirudi Rombo na lori lake la nyanya. Mpe soda, ni mtu mzuri.

Msingi umechimbwa! Ungeona shimo lenyewe. Udongo mweusi wa huku ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba, na nyumba isiyofika kwenye mwamba hupata nyufa kabla mwenyewe hajahamia. Nimewachimbisha mafundi mpaka wakaanza kuniita Bi Kisima. Miaka minane nimewachorea watu majumba. Huyu anataka sebule yenye dari ya ghorofa mbili, yule anataka bafu kubwa kuliko darasa la chekechea. Nikimaliza nakabidhi funguo na kurudi kwa chumba changu cha kupanga. Hii ndiyo ya kwanza ambayo sitakabidhi funguo.

Leshan ameniachia kila kitu, kutoka ramani hadi vitasa. Nilimwuliza, shamba ni la baba yako, sasa mimi niko wapi hapo? Akaniambia, "Lorine, kwetu Wamaasai nyumba hujengwa na mwanamke, na nyumba ni ya aliyeijenga. Hata mzee awe na ng'ombe elfu moja, ndani ya enkaji yeye ni mgeni wa bibi yake." Nililia, Mwaitu. Nikasingizia vumbi.

Chumba chako kiko chini, upande usio na ghorofa juu yake, ili usisumbuke na ngazi. Dirisha linaangalia kusini, na asubuhi isiyo na mawingu utaona Kilimanjaro, mlima wako huo huo wa Rombo, ila mdogo. Kwenye paa, juu ya kitanda, nitaweka dirisha la pili la kufungua kwa mpini, maana najua hupendi hewa iliyofungiwa.

Ukija, tafadhali usimfanyie Leshan ulivyomfanyia Loitokitok. Mtu anakunyooshea mkono, wewe unaficha wako ndani ya leso, anabaki ameshika hewa! Alicheka, lakini mimi niliona aibu.

Mwanao,
Mbithe


Rombo,
2 Aprili 2023

Mwanangu Mbithe,

Naona huko unaitwa Lorine. Hilo jina nilikupa ili padri aandike kwenye kitabu chake, siyo ili ulisahau la nyanya yako.

Nalianya alikunywa soda mbili. Barua yako nimeisoma mara mbili pia, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili kwa miwani. Nimeona dari, nimeona vitasa, nimeona mlima. Sikuona mbuzi.

Mbuzi watatu wa ntheo, Mbithe. Sijataja ng'ombe, sijataja blanketi wala tangi la maji kama majirani wangu hapa. Wale watatu wasipofika kwa mzazi hakuna ndoa, kuna watu wawili wanaojuana tu. Hata umzalie watoto kumi, utabaki mgeni wake. Na mimi siwezi kuingia nyumba ya mkwe wangu, wala kulala humo, kabla hajanifungulia njia na hao mbuzi. Sasa huo mlima wa dirishani nitautazama nikiwa wapi, getini?

Kuhusu mkono, wewe umelelewa na Mkamba na unajua. Mama hampi mkwe mkono. Ni nthoni, ndiyo heshima yetu. Niliuficha kwa sababu nilishamhesabu kuwa mkwe. Mwambie ajivunie.

Mila yao ya nyumba umeniandikia kwa wino mzuri. Yetu umeiacha wapi?

Mama yako,
Muthoki


Kitengela,
19 Novemba 2023

Mwaitu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi, na pia, sikufichi, kwa sababu ya hasira.

Nilimwambia Leshan kuhusu mbuzi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Mbuzi watatu? Niko na mia mbili huko Oltepesi! Mama atakuja achague mwenyewe. Lakini si tumalize paa kwanza?" Umesikia? Hajakataa. Yeye hana shida hata kidogo, ni wewe tu unayehesabu.

Paa lenyewe limekaribia. Sebule ina ukuta mzima wa kioo unaoangalia mbuga, na pundamilia hupita nyuma ya waya. Jikoni nimeweka meza moja ya graniti nyeusi ambayo wanaume kumi na wawili waliibeba wakiimba. Wageni wakija wanamwuliza Leshan amempata wapi mchoraji, naye ananitazama tu na kucheka. Kazi nyingine zote nimekataa mwaka huu. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama nimesaini mkataba na mwenye nyumba. Nikamwuliza, wewe ukijipikia nyumbani kwako huwa unajiandikia risiti?

Desemba haitawezekana kuhamia. Tuseme Pasaka.

Mbithe


Rombo,
14 Januari 2024

Mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Vitunguu vimekubali, nyanya zina madoa lakini zitauzika.

Nimekusukia kiondo cha mkonge, Nalianya atakuletea. Nimetumia rangi ya mti siyo ya duka, kwa hiyo hakitachuja ukikiosha. Nenda nacho sokoni, kijaze viazi, kitakuzika.

Huyo wa mbuzi mia mbili, mwambie mimi sitaki mia mbili. Aliye na wengi akishindwa kutoa watatu, shida yake si mbuzi.

Mwezi ujao nina safari ya Kajiado kuonyesha macho. Nikipata nafuu ya nauli huenda nikapita huko Kitengela. Usinisubiri.

Mama yako,
Muthoki


Kitengela,
5 Mei 2024

Mwaitu,

Hukupita. Sikushangaa.

Nyumba imekwisha. Wapiga picha wa jarida moja la majumba walikuja wakakaa siku mbili, wakanipiga nikiwa kwenye ngazi, na Leshan akiwa mlangoni na shuka ya babu yake. Kiondo chako nimekitundika ukutani katika chumba chako, juu ya mbao za mwerezi, na wamekipiga picha peke yake. Kinafunika kile kimlango kidogo cha mpini wa dirisha la paa, huwezi kujua kuna kitu hapo. Kila anayekiona anauliza kimetoka wapi.

Kitanda chako kimetandikwa tangu Pasaka. Kila asubuhi nafungua mapazia ya chumba ambacho hakuna mtu. Hata mama tusiyemjua hata kidogo, aliyekuja Februari kuuza nyanya getini siku nilipokuwa Nairobi kutafuta mapazia hayo hayo, Sironka mlinzi alimfungulia geti na kumkaribisha kivulini. Alikataa kuingia. Sironka akacheka akaniambia, wamama wengine wana maringo. Nikakukumbuka.

Leshan amekuwa na shughuli nyingi Oltepesi, mambo ya ukoo. Akitulia ataleta hao mbuzi wako. Lakini acha nikuambie ukweli. Umenikosesha furaha ya nyumba yangu kwa sababu ya wanyama watatu ambao ungewala kwa wiki moja. Baba angekuwa hai angekuja kwa miguu. Wewe unapenda mbuzi kuliko unavyonipenda mimi.

Lorine


Rombo,
26 Mei 2024

Mbithe,

Barua yako imefika. Macho yangu hayajambo.

Kuhusu mbuzi, sitawataja tena.

Kiondo ni cha kubebea, si cha kutundika.

Mama yako


Kajiado,
9 Septemba 2024

Kwa Bi. Lorine M. Mutinda,
Mbunifu wa Majengo na Mapambo

KUH: KUKAMILIKA KWA KAZI

Kwa niaba ya familia yangu, nakushukuru kwa huduma zako za kitaalamu katika ujenzi wa makao yetu. Wazee wameyasifu sana.

Kama ulivyopata habari, harusi yetu ilifanyika Oltepesi tarehe 17 Agosti. Mke wangu Soipan atahamia Jumamosi hii, kwa hivyo naomba uwe umeondoa vifaa vyako vya kazi kufikia Ijumaa na kumwachia Sironka funguo zote.

Kuhusu mambo mengine uliyoyasema kwa simu kwa sauti ya juu, naona ulinielewa vibaya. Nilikuwa nakueleza mila zetu kwa jumla, kwa sababu uliuliza. Vilevile, kwa kuwa hukuwahi kuleta mkataba wala kudai malipo kwa muda wote huo, nilichukulia kwamba picha za jarida zilikutosha, maana zimekutangaza.

Nitafurahi kukupendekeza kwa marafiki zangu wanaojenga.

Wako mwaminifu,
Leshan


Kitengela,
20 Aprili 2025

Salamu Lorine, takwenya,

Mimi ni Soipan, bibi ya Leshan. Najua hutaki kuona hiyo jina. Namba yako haipatikani, lakini Sironka amesema anajua mahali umepanga Tuala na amekubali kukuletea hii barua. Usimkasirikie, ni mimi nimemsumbua.

Mwaka jana mvua ilikataa kuja huku, lakini sasa imeanza na ile chumba ya chini inaingia maji. Dirisha la paa liko wazi na hakuna mtu anajua kulifunga. Leshan ameleta fundi wawili, wamepanda juu wameshuka. Godoro imelowa, mbao zimeanza kuvimba. Nakuomba uniambie mahali pa kufungia.

Sasa nikuambie kitu ingine. Mimi niliambiwa wewe ni dizaina. Nilikuwa naona picha yako kwa ile gazeti nasema, huyu dada ni mkali. Halafu nikifagia kile chumba nikapata barua za mama yako kwa droo. Nilisoma moja, nisamehe, nikaacha. Siku hiyo sikukula.

Kwetu ni kweli, nyumba ni ya mwanamke ameijenga. Lakini hiyo maneno mwanaume anaambia yule ametolea ng'ombe. Mimi nilitolewa ng'ombe na sikujenga hata ukuta moja. Mama yangu alisema, nyumba hujapaka kwa mkono wako, mvua ikija hutajua pa kulala. Sasa nimejua.

Vitu vyako bado viko stoo, ile meza kubwa ya kuchora na sanduku. Sijaruhusu vitupwe.

Soipan


Tuala,
27 Aprili 2025

Kwa Soipan,

Nililiacha wazi makusudi. Ilikuwa Ijumaa, kiangazi, na nilijua mvua itakuja tu.

Wiki nzima nimekaa na barua yako nikitaka kukujibu kwamba uache inyeshe. Ile nyumba ningependa ioze kuanzia hicho chumba. Lakini mbao hizo za mwerezi nilizichagua moja moja, na wewe hujanikosea.

Toa kiondo ukutani. Nyuma yake kuna kimlango, ndani kuna mpini. Zungusha kulia mara tisa.

Meza na sanduku, fanya unavyotaka. Mimi geti lile sitalipita tena maishani.

Lorine


Tuala,
4 Mei 2025

Mwaitu,

Ni mwaka mzima sijakuandikia. Mwaka jana nilikuandikia vibaya, halafu mambo yakaniharibikia, na nikakosa uso wa kukuambia.

Leshan ameoa. Ameoa msichana wa kwao, kwa ng'ombe na wazee na kila kitu. Mimi alinitumia barua yenye kichwa cha habari, kama mtu aliyemaliza kumwekea vigae. Nimeiambatanisha usome mwenyewe, maana mimi nikiisimulia naanza kupiga kelele. Wenye nyumba wengine niliwakataa kwa ajili yake na sasa hawanipigii. Nachora vyoo vya shule.

Kila nikilala namsikia akisema nyumba ni ya aliyeijenga. Hakudanganya, unajua? Ndiyo maana inauma. Ni mila ya kweli, nami niliishika kwa mikono miwili, nikaitupa yako iliyokuwa inanilinda.

Meza yangu ya kuchorea na sanduku la nguo vimebaki huko, na kiondo chako kiko ukutani. Mkewe ameniandikia, ni mtu wa heshima, lakini mimi siwezi kurudi pale. Nisamehe kwa kiondo.

Niambie ile methali ya asiyesikia la mkuu. Ninaistahili.

Mbithe


Rombo,
25 Mei 2025

Mwanangu Mbithe,

Ile methali sikuambii. Unaijua, na guu lililovunjika ni lako. Kazi yangu ni kulifunga.

Lakini kabla hujajilaumu peke yako, kuna jambo nililokuficha. Mwaka jana Februari sikwenda kuonyesha macho. Macho yangu hayana neno. Yule mama wa nyanya aliyekataa kuingia getini ni mimi.

Nilikaa nje na ndoo yangu mpaka Leshan akatoka na gari. Akashusha kioo. Nikamwambia mimi ni mama ya Mbithe. Hakumjua Mbithe, mpaka niliposema Lorine. Hata mimi hakunikumbuka. Nikamwomba mbuzi mmoja. Si watatu. Mmoja tu, hata anayechechemea, nije naye nyumbani nikuhesabu umeolewa. Sijawahi kumwomba mtu kitu namna ile. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mama, Lorine ni fundi wangu. Fundi mzuri sana. Sasa fundi anatolewa mbuzi?" Akanunua nyanya zote, akaniambia nibaki na chenji.

Sikukuandikia. Nilijua utasema nimeenda kukuharibia. Na nilitumaini, kama mjinga, kwamba akishaniona atashikwa na aibu. Ukaendelea kutundika mapazia ya watu miezi saba, mimi nikijua. Ulipoandika kwamba napenda mbuzi kuliko wewe, nilikaa shambani mpaka jembe likapoa, na bado sikusema. Hilo ni kosa langu na sitakutwika. Uliuziwa mbuzi kwenye gunia, lakini mimi nililifungua hilo gunia nikaona ni tupu, nikalifunga tena.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita Nalianya alinipeleka Kitengela. Sironka alinitambua, akasema, "Mama wa nyanya!" Akafungua geti. Safari hii niliingia. Nilipita mlango wa mbele, na viatu vyangu vya shamba, nikakanyaga ile sakafu yako yote. Nilizunguka kila chumba. Umejenga vizuri, Mbithe. Nilikuwa sijakuambia.

Soipan alinipikia chai. Chumba changu kimeshakauka. Nikajilaza juu ya kitanda mchana kweupe nikautazama mlima, na ni mdogo kweli. Nikalala usingizi. Soipan anasema nilikoroma. Nilipoamka nikashusha kiondo, nikakijaza barua zangu na viatu vyako, na Nalianya na Sironka wakapakia meza na sanduku. Viko hapa kwangu. Njoo ulale, ule, halafu tuone mtu anaanzaje upya.

Tulipokuwa tunatoka Leshan alifika. Safari hii alinikumbuka. Akasema, "Karibu, mama," akaninyooshea mkono, halafu nikaona amekumbuka ya Loitokitok, akaanza kuurudisha. Nikauwahi. Nikatoa wangu kwenye leso, nikampa, nikautikisa vizuri mbele ya mkewe na mlinzi wake, kama ninavyomsalimia mtu yeyote sokoni.

Alifurahi sana. Alidhani nimemsamehe.

Mama yako,
Muthoki